Video za AI: kabla hujalipia kifurushi

Anza na swali la sauti. Veo 3, modeli (programu ya AI) ya Google ya kutengeneza video, inatoa klipu ya sekunde 8 ikiwa na sauti yake, hadi watu wakiongea. Runway Gen-4, modeli nyingine ya video, inaanzia kwenye picha unayoipa, inatoa sekunde 5 au 10, na inafaa ukitaka sura ya mhusika isibadilike kila shoti.

Kompyuta yako ina kadi ya grafiki yenye kumbukumbu ya GB 8 hivi? Modeli ya Wan 2.1, toleo dogo (1.3B), unaiendesha mwenyewe, bure. Ila ni 480p, yaani picha yenye ubora mdogo, kwa kazi ya mteja sikushauri. Inatoa fremu (picha moja moja) 81, kasi ya fremu 16 kwa sekunde, yaani sekunde 5 tu. Ukizichezesha kwa kasi ya 24, watu wanatembea kama wamechelewa daladala.

Prompti, yaani maelezo unayoiandikia modeli: tendo moja kwa klipu. “Mama anamimina chai, kamera imetulia” inatoka safi. Ukiongeza anywe, acheke na ageuke, vidole vinaungana na kikombe kinapotea. Jina la duka usiliachie modeli, herufi mara nyingi huvurugika. Liweke wakati wa kuhariri.

Majaribio yafanye kwenye toleo la bei nafuu, kama Veo 3 Fast, kredi (pointi za kifurushi chako) zisiishe mapema.