Mmekuja na Mwezi Gani? Safari ya Watu Sita Kwenda Kununua Dagaa Kigoma

Wiki ya mwisho ya Septemba 2023 tulipanda treni ya reli ya kati, watu sita, kwenda Kigoma. Tulikuwa na shilingi milioni sita tulizochanga, na wazo moja: kununua dagaa mwaloni kwenyewe, ufukweni wanakoshushwa na wavuvi, kuwafungasha vizuri, na kuwauza Dar es Salaam bila kupita kwa madalali. Vikao vya kupanga biashara tulikaa saba, na katika vyote saba tulikubaliana kila jambo. Wakati ule niliona ni baraka. Siku hizi nikikutana na kikundi kinachojisifu kwamba hakijawahi kutofautiana, nawauliza kwanza kama wameshasafiri pamoja.

Tulichukua chumba kizima cha daraja la pili, vitanda sita, ili wanawake na wanaume tukae pamoja. Alikuwepo Mwalimu anayefundisha historia sekondari, Sista ambaye ni muuguzi, Fundi wa umeme, Mama Lishe ambaye mgahawa wake ndio ulikuwa ukumbi wetu wa vikao, mimi, na Shemeji, mume wa dada yangu. Shemeji ndiye mkubwa wetu kwa umri na ndiye aliyetoa mtaji mkubwa kuliko wote: milioni mbili peke yake, sisi watano laki nane nane. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza nani atashika mfuko wa safari. Kila mtu alimkabidhi laki mbili na nusu pale stesheni, akazitia kwenye mkoba wake wa kiunoni, tukaondoka.

Mpaka Morogoro ilikuwa raha tupu. Kuanzia Kilosa kwenda Dodoma ndipo niliposikia minong'ono ya kwanza. Shemeji alikuwa ananunua maji, anamtumia mtoto wake hela ya daftari, ananunua ndizi za wote, anaweka vocha kwenye simu yake, na pesa zote zinatoka kwenye mkoba mmoja. Nina hakika hakuwa na nia mbaya. Mtu akishika fedha za watu sita pamoja na zake bila kuandika, kufikia jioni hata mwenyewe hajui ipi ni ipi. Ila nani angemwambia? Mimi ni shemeji yake, siwezi. Mwalimu ana adabu kupita kiasi. Fundi alijifanya amelala.

Aliyesema ni Mama Lishe, mtu ambaye katika vikao saba alikuwa akitupakulia chai na kusikiliza. Alitoa daftari la mistari kwenye kapu lake, akasema kwa upole, "Shem, nitajie tu, mimi niandike. Usitoe hesabu, taja tu." Shemeji akataja. Ikaandikwa mpaka vocha. Hapakuwa na ugomvi, kwa sababu hakuna aliyeambiwa mwizi. Tangu pale kila shilingi ilipita kwenye daftari lile, na nikajua mweka hazina wetu ni nani, ingawa kwenye karatasi za vikao tulikuwa tumemwandika Sista kwa kuwa amesoma.

Saranda treni ikasimama. Wasafiri wa reli hii wote wanapajua kwa kuku. Madirishani kulijaa masinia na sauti, nasi tukaanza kubishana kama tule kitu kimoja au kila mtu anunue anachotaka. Mama Lishe hakuwa kwenye ubishi huo. Alikuwa ameshika kuku mkononi anamuuliza binti aliyekuwa akimuuzia, "Siku treni isipopita mnamuuzia nani?" Binti akasema siku hizo hawachinji. Swali lile sikulielewa uzito wake mpaka tulipofika ziwani.

Usiku ule Mwalimu alitusimulia habari za misafara. Reli hii imefuata kwa sehemu kubwa njia ya zamani ya kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji, njia waliyopita wapagazi, Wanyamwezi wakiwa wengi wao, wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani na nguo na shanga kurudi bara. Ilikuwa safari ya miezi. Nilichokishika katika maelezo yake ni kirangozi. Kirangozi alitembea mbele ya msafara, akiamua mwendo na mahali pa kulala, naye hakuwa mwenye mali. Tajiri alikuwepo, bidhaa ni zake, lakini njia ni ya kirangozi. Shemeji alikohoa kidogo. Nadhani kila mmoja wetu kitandani kwake alikuwa anawaza jambo lilelile.

Tabora mabehewa ya Mwanza hutenganishwa na ya Kigoma, hivyo treni hukaa. Fundi akashuka bila kuaga. Baada ya muda simu yake ikawa haipatikani. Sista ndiye aliyekwenda kwa mhudumu wa behewa kueleza kwamba kuna abiria wetu nje, wakati sisi wengine tulikuwa tunalaumu tu. Treni ilikuwa imeshapiga honi alipotokea anakimbia, madumu mawili ya asali mikononi, jasho linamtiririka. Tukafurahi kumwona. Kisha tukauliza asali ni ya nani.

Ilikuwa yake. Alikuwa na wateja Dar, alishaongea nao kabla hatujaondoka. Pesa aliyonunulia ni yake, hilo ni kweli, lakini nauli yake imetoka mfuko wa wote na muda aliotuweka roho juu ni wa wote. Tulijadili jambo hilo mpaka Kaliua. Fundi alisema, na nilimwelewa, kwamba hakuna mahali tulipoandika kuwa mtu haruhusiwi. Vikao saba, jina la biashara tumechagua, rangi ya vifungashio tumechagua, na hilo hatukuligusa! Tukaafikiana pale pale, na Mama Lishe akaandika: mwenye kuona fursa njiani aseme kwa wenzake kwanza; wakiikataa, ni yake halali. Madumu yale tuliyaacha kuwa yake, kwa sababu sheria imekuja baada ya asali.

Kigoma tulishuka tukiwa na nguvu mpya. Asubuhi iliyofuata tukaenda mwalo wa Kibirizi. Nilitarajia kelele, mizani, wanawake na mabeseni. Tulikuta mitumbwi imevutwa juu, nyavu zimetandazwa, na mzee mmoja ameketi anashona wavu. Tukamwamkia, tukajieleza kwamba tumetoka Dar kutafuta dagaa. Akatutazama.

"Mmekuja na mwezi gani?"

Shemeji akajibu, "Septemba, mzee. Mwishoni mwishoni."

"Septemba ni ya kwenye kalenda, wanangu. Mimi nauliza mwezi."

Jioni tuliuona ukichomoza nyuma ya vilima, mzima, ukaliangaza Ziwa Tanganyika lote. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa wengi wanatumia taa za betri na sola; mitumbwi miwili hufungwa pamoja, wavu unashushwa kati, dagaa wanaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, samaki wametawanyika, na wavuvi wanapumzika kwa takriban wiki nzima. Sisi tulipanga safari kwa mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa umeingia. Wao wanahesabu kwa giza.

Dagaa wachache waliokuwepo walikuwa wa akiba, na bei ilikuwa juu. Shemeji akasema tununue hivyohivyo. "Nauli yote hii turudi mikono mitupu? Watu watatuonaje?" Sista na Fundi wakamuunga mkono. Mimi, Mwalimu na Mama Lishe tukasema tusubiri. Tatu kwa tatu. Watu sita tusio na mwenyekiti, tukiwa na mtaji wa watu sita kwenye simu, tumesimama kwenye mchanga hatuna njia ya kuamua.

Mwalimu ndiye aliyeuliza kati yetu nani anamjua dagaa. Jibu lilikuwa wazi: Mama Lishe, aliyempika miaka kumi na moja. Shemeji akaniangalia mimi. Ulikuwa mtazamo wa mtu aliyenilipia ada ya kidato cha tano, na sitausahau. Nikasema, "Shem, njia hii tumwachie yeye." Hakujibu. Alikwenda kuangalia ziwa peke yake, na usiku ule alikula migebuka yake kimya.

Wanne waliondoka kwa basi siku mbili baadaye kwa sababu ya ruhusa za kazini. Mimi na Mama Lishe tulibaki. Siku hizo tulizitumia kwa wanawake wanaokausha, na hapo ndipo nilipojifunza biashara yenyewe. Mama mmoja wa Katonga alichukua kiganja cha dagaa walioanikwa chini, akawaosha kwenye beseni, akamwaga maji taratibu na kutuonyesha mchanga uliobaki. Mchanga ule unapimwa kwenye mizani na mnunuzi anaulipia. Kisha akafanya hivyohivyo kwa dagaa wa kwenye chanja, walioanikwa juu bila kugusa ardhi. Beseni jeupe. Bei yao ni kubwa zaidi, na Mama Lishe hakubishana nayo hata kidogo: wateja wake wa Dar humrudishia sahani kwa ajili ya mchanga. Mama yule alitueleza pia kwamba mvua zikianza, dagaa wakilowa wakiwa wameanikwa wakaharibika, wanaishia kuwa chakula cha kuku. Mvua zilikuwa karibu. Kama tungeanza na milioni sita zote wiki ile, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Giza liliporudi tukasimama ufukweni magharibi. Mitumbwi ilitoka mmoja mmoja, na baadaye taa zikawaka mbali majini, nyingi, kama mji umejengwa usiku mmoja. Dagaa walipokauka tukanunua magunia mawili tu, ya chanja, tukayasindikiza wenyewe.

Tulipoanza rasmi tulikuwa watano, namba ambayo kura zake haziwezi kugongana. Mama Lishe ndiye mnunuzi mkuu na neno lake kwenye mzigo ni la mwisho. Tulijifunza kuweka akiba kavu kabla ya mbalamwezi, na akiba hiyo ndiyo iliyotubeba Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ziwa lilipofungwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Wakati ule nilimkumbuka yule binti wa Saranda.

Shemeji alijitoa. Tulimrudishia milioni mbili zake kwa mkupuo, mbele ya dada yangu, na Mwalimu akaandika hati ya makabidhiano. Kwa miezi kadhaa alikuwa hanipigii simu, na iliniuma. Mwaka jana wakati wa mfungo wa Ramadhani alikuja mgahawani kwa Mama Lishe akanunua kilo tatu. Tulitaka kumpa bure. Akakataa, akahesabu noti juu ya meza, kisha akalisogeza daftari kwa Mama Lishe na kusubiri mpaka alipoandika.