Kumbukumbu ya mradi: bahari niliyoitaka na niliyoikuta

Wiki ya tatu Jambiani, Zanzibar. Vipande sita vya video mkononi, kinachofaa labda kimoja.

Nia yangu ilikuwa nyepesi: kamera moja juu ya stendi, isiguswe saa nzima, bahari ijae taratibu huku jua likichomoza. Bila muziki, bila maneno. Aliyenitia kichaa hiki ni Bill Viola, yule msanii wa video Mmarekani aliyekwenda Chott el-Djerid, uwanda wa chumvi huko Tunisia, akarekodi mazigazi, yale maji ya uongo ya jangwani, kwa lenzi ndefu. Kazi ile ni ya 1979. Mimi sina jangwa, nina pwani.

Kipande cha kwanza kiliharibika nisijue. Niliiachia kamera ijipimie mwanga yenyewe, nayo kila kulipokucha ikapunguza, ikapunguza. Nilipokiangalia nyumbani, saa 11 na nusu na saa 12 na nusu rangi ni ile ile. Mapambazuko yote yameliwa! Sasa nafunga mipangilio yote ya mwanga kwa mkono, nikipimia ule mwanga wa mwisho. Dakika kumi za mwanzo ni giza tupu, unasikia maji tu. Rafiki yangu anasema watu watadhani simu yao imezima. Na wadhani.

Kadi ya kamera nayo inajaa upesi: kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni gigabaiti 45. Ya GB 64 inatosha asubuhi moja, basi.

Lakini kosa kubwa lilikuwa langu na mwezi. Nilikuwa nalivizia bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, nikitaka maji mengi yaje na jua. Siku tatu mfululizo nikayakuta yanaondoka. Bibi mmoja wa mwani, aliyekuwa akifunga vigingi vyake kwenye kapu, akanicheka.

"Mwanangu, bamvua huku hujaa saa kumi za alfajiri. Ukija na jua utayaona kisogo."

"Na nikitaka yaje na jua, bibi?"

"Ngoja maji mafu. Ila hayo hayaendi mbali, hayana la kukuonyesha."

Nikaenda kupiga hesabu. Kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo maji yanayopanda asubuhi ni yale maji mafu ya katikati ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, madogo kweli. Bibi hakukosea hata kidogo.

Nimeacha kushindana. Kipande cha sita ni cha kupwa, maji yakiondoka. Dakika ya 41 dau lililotia nanga mbele yangu linagusa mchanga, linasita, kisha linalala ubavu lenyewe. Kamba iliyokuwa imekaza inalegea, na mwanga unaingia chini ya tumbo lake. Nimekiangalia mara nne.

Bamvua lijalo nakuja na vipande vya ubao vya kuweka chini ya miguu ya stendi. Mchanga ulizama upande mmoja, na upeo wa macho umelala kidogo kushoto.