Anglia ya Raskazone: breki kwanza, mbio baadaye

Kila anayenipigia simu siku hizi ana swali moja: "Dada, lile gari limewaka?" Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama linasimama. Basi nimeona niandike, nisiwe narudia maelezo kila nikiwa juu ya ngazi na tochi mdomoni.

Nimenunua Ford Anglia 105E. Waliokula chumvi nyingi wanazikumbuka: vigari vya Uingereza vilivyotengenezwa kati ya 1959 na 1967, vyenye kioo cha nyuma kilicholazwa kinyume, juu kimetokeza nje na chini kimerudi ndani. Hii yangu ilikuwa Raskazone, hapa Tanga, imeegeshwa chini ya mkungu kwenye uwanja wa familia moja, majani yamejaa hadi kwenye matundu ya hewa, na upepo wa bahari unaila taratibu bila mtu kuubughudhi. Nililipa bei ya pikipiki iliyochoka. Mume wangu alisema nimepigwa. Na muuzaji, kwa jinsi alivyowahi kufunga geti, nadhani alikuwa na mawazo hayo hayo.

Kilichonivutia si bodi. Nilipofungua boneti nilikuta injini ya Toyota 5K, ndugu ya zile zilizokuwa zikivuta TownAce. Anglia ilitoka kiwandani na injini ya cc 997 yenye nguvu za farasi 39. 5K ina cc 1486 na nguvu inayokaribia mara mbili ya hiyo, ndani ya gari lisilofika kilo 800. Kwa hiyo mtu fulani, hapa hapa Tanga, alijitengenezea hotirodi, akaifurahia, kisha akaitelekeza.

Vijana wa California walianza mchezo huo kabla ya Vita Kuu ya Pili. Unachukua Ford kuukuu, unabandua kila kisicho na kazi, unaitia injini ya maana, halafu unaipeleka kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc mkaonyeshane nani mwenye mbio. Injini waliyoigombania sana ni ile V8 ya Ford iliyotoka 1932. Nilimwonyesha ami yangu picha zao kwenye simu. Ami ni makanika mstaafu, mikono yake imepita kwenye Landrova za mashamba ya mkonge miaka mingi. Akatazama, akanirudishia simu. "Sasa hapo kipya nini, mwanangu? Injini ikifa unatia iliyopo. Wao walikuwa wanatafuta mbio, sisi tulikuwa tunatafuta kufika Muheza."

Ugomvi wangu na vijana wa gereji ya Ngamiani ulianza siku gari lilipofika limevutwa kwa kamba. Wao walishakuwa na chupa ya petroli na kimpira, tayari kuinywesha kabureta ili tusikie mlio. Nikawaambia hapana, lete jeki. Wakanuna. Kijana mmoja akaniambia, "Shangazi, gari bila mlio ni kabati." Sawa, liwe kabati. Lakini kabati lenye nguvu mara mbili na breki za mwaka 1960 siendi nalo barabara ya Pangani.

Breki za Anglia ni ngoma tupu, za inchi 8, mbele na nyuma, na masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, ni moja yenye mkondo mmoja. Maana yake mpira mmoja ukivuja kwenye gurudumu lolote, pedeli inazama hadi chini na magurudumu yote manne yanakukana. Ngoma za nyuma zilikuwa zimeng'ang'ania brekishu kiasi kwamba tulirudisha adjasta hadi mwisho ndipo zikakubali kutoka, tena kwa kugongwa kuzunguka ukingo, si kwa kupigwa katikati. Pistoni za ndani zilikuwa zimeganda kwa kutu. Mbili zilisafishika, nyingine ami alizitupa bila kunishauri, na hakukosea. Mabomba yote nimetoa, nikapinda mapya ya shaba. Brekishu zilipelekwa kubandikwa upya. Kutoa upepo kulimaliza subira ya watu wawili: mmoja anakanyaga, mwingine analegeza nati chini, na kila mmoja anaamini mwenzake hajui kazi.

Kutu nayo ina yake. Anglia haina chesisi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndiyo inabeba kila kitu. Mbele, springi na shoksabu vimeunganishwa kwenye mguu mmoja, mpango wa yule mhandisi Earle MacPherson, na juu mguu huo unashikwa kwa bolti tatu kwenye bati la ndani ya madigadi. Uzito wote wa mbele unaning'inia hapo. Nilichukua bisibisi nikabonyeza pembeni ya bolti upande wa kushoto. Ikaingia hadi kwenye mpini.

Fundi bodi akaanza kubandua. Rangi ya krimu, chini yake nyekundu, chini yake puti, chini yake puti nyingine ya kijivu, na chini kabisa, nyuzi za katani zilizochovywa kwenye puti zikashindiliwa kwenye tundu linaloingia ngumi. Fundi alizivuta moja moja, taratibu, huku anatikisa kichwa, nusu kwa hasira na nusu kwa heshima. Mkonge umeishi Tanga tangu 1893 na umefanya kazi nyingi za kusifika, ila kushikilia shoksabu haimo. Tumekata hadi kwenye bati zima, tukaweka bati la milimita 2, limechomelewa kwa mashine ya waya kidogo kidogo lisije likapinda. Upande wa kulia tulikata pia, ingawa bisibisi haikupita. Fundi alisema tungoje. Mimi nilisema kama kushoto kulikuwa na katani, sitaki kujua kulia kuna nini baada ya kupaka rangi.

Kwenye umeme sikumruhusu mtu kugusa, maana ndiyo kazi inayonilisha. Ford waliziunganisha Anglia kwa mtindo wa zamani, chanya ya betri inakwenda kwenye bodi. Toyota ni kinyume, hasi ndiyo inakwenda kwenye bodi, na ukikosea, diodi za alteneta, mashine inayochaji betri, zinaungua kabla hujarudisha mkono. Aliyefunga 5K alilijua hilo, nampa haki yake, betri aliigeuza. Alichokiacha ni waya. Dainamo ya awali, iliyochaji betri kabla ya alteneta, haikuwa ikitoa zaidi ya ampea 22 hivi, na waya wake ni wa saizi hiyo. Alteneta ya Toyota inaweza kutoa mara mbili, naye akaipitisha kwenye waya ule ule, kupitia kisanduku cha zamani cha kudhibiti chaji ya dainamo, ambacho hakina kazi tena. Nilipofungua tepu nyuma ya dashibodi, plastiki ya waya ilikuwa imeyeyuka na kushikana, waya nne zimekuwa kitu kimoja. Fyuzi sikuona hata moja. Gari hili halikuungua kwa sababu tu liliegeshwa.

Nimevuta waya mpya zote, kutoka alteneta hadi betri nimeweka waya mnene wenye fyuzi yake, taa za mbele zina rilei, swichi za umeme zinazobeba mzigo badala ya zile za dashibodi. Swichi za zamani za dashibodi nimeziacha, kwa kuwa zinapendeza na sasa hazibebi mzigo.

Tangi la petroli sina la kusema. Lilikuwa na gundi. Limeoshwa kwa mnyororo na changarawe, limerudi.

Ndipo injini ikapewa nafasi. Tukaijaribu, ikakohoa, ikatema moto kupitia kabureta, ikanyamaza. Vijana wakaanza kusema habari za pampu. Ami akainama, akafuta vumbi kwenye bati la pembeni kwa kidole. Palikuwa na namba zilizoandikwa kwa brashi: 1-2-4-3. Huo ni mpangilio wa moto, yaani zamu ya silinda kuwashwa, wa injini ya Ford. Toyota ya K inakwenda 1-3-4-2. Mtu, pengine wa mwisho kabisa kuigusa, alisoma hapo kwenye bati akapanga waya za plagi kwa kufuata kumbukumbu ya injini isiyokuwepo. Silinda ya kwanza na ya nne zinapata moto wakati wake, ya pili na ya tatu zinapata wakati hazitaki. Ami akabadilisha waya mbili. Ikashika.

Wapenzi wa Anglia walioko Uingereza watanisema, kwamba ningetafuta injini ya Ford nikairudishia asili yake. Injini hiyo ilikwenda kwa wanunua chuma chakavu zamani. Gasketi ya 5K naweza kupata leo mchana kwa kutembea. Kadi ya gari bado inasema cc 997, na hilo nitalimaliza na watu wa mapato kabla halijatoka kwenda mbali.

Ubishi uliobaki ni breki za diski za mbele. Ami anataka tutoe miguu yote ya mbele tuweke ya Corolla ya zamani. Mimi nataka kwanza niizoee ilivyo, kwa mwendo wa kistaarabu, Chumbageni na kurudi. Kwa sasa ninachohitaji ni raba ya kioo cha nyuma, kwa sababu mvua ikinyesha siti ya nyuma inageuka bwawa. Mwenye nayo aniandikie, bei tutaelewana. Ila tafadhali iwe ya Anglia. Za Cortina, Ford nyingine, nimeshaletewa, tena na watu wanaoapa.