Nilivyonunua nyumba Manzese badala ya kumalizia kujenga Chanika

Naandika hii kwa wale wenye kipato cha kawaida kama mimi, ambao kila wakiuliza pa kuishi Dar wanaambiwa nenda mbali, kachukue kiwanja Chanika, kachukue Chamazi, utajenga taratibu. Mi nilifanya hivyohivyo. Mwaka 2014 nilinunua kiwanja Chanika kwa 2,500,000, nikashusha tofali, nikapanga chumba na sebule Gongo la Mboto ili niwe karibu na site. Ila kazi yangu iko Kariakoo, nauza vitenge na madera, fremu ya duka tunachangia na dada mmoja. Kwa hiyo saa 10 alfajiri nishaamka, saa 10 na nusu nipo kituoni nagombania daladala, jioni ni foleni tupu kuanzia Buguruni, Tazara, Vingunguti mpaka Banana, na ule ujenzi wa njia ya mabasi ya mwendokasi ulipoanza barabara ya Nyerere ndo ikawa balaa zaidi. Mwanangu namuacha kalala namkuta kalala. Siku moja nimesimama kwenye daladala nimebeba mzigo nikajiuliza, hivi hiyo nyumba ya Chanika nikiimaliza ntakuwa naishi humo saa ngapi?

Manzese sikuitafuta. Fundi wangu wa kushona anakaa kule, Jumapili moja nikampelekea vitambaa, nikashuka mwendokasi kituo cha Manzese nikatembea. Kwa fundi pale ukitoka mlangoni, genge hatua kumi, mashine ya kusaga ipo, duka la dawa lipo, msikiti upo, watoto wanarudi madrasa kwa miguu wenyewe, wauza samaki wa kukaanga wameshajipanga, na kutoka kwake mpaka kituoni nilihesabu dakika saba kwa mwendo wangu wa kawaida. Mwendokasi ya Morogoro Road ipo tangu 2016, ukishapanda hapo unashuka Gerezani, Kariakoo hiyo. Nilirudi Gongo la Mboto nikamwambia mume wangu, tuuze kiwanja.

Alinyamaza sana. Wakwe walisema wazi, "Mwanetu, Manzese si mahali pa kulelea mtoto, uswahilini kule, wezi." Sikubishana nao. Nilichofanya, nilimuomba fundi nikalala kwake Ijumaa mbili, nikakaa naye barazani mpaka saa 5 usiku. Muziki ulikuwepo, kelele zilikuwepo, ila watu walikuwa nje, taa za maduka zinawaka, wanawake wanapita peke yao na ndoo zao. Nilikuwa naogopa zaidi kule Chanika nikienda site, nashuka usiku nakatiza vichaka.

Nilianza kuangalia Sinza na Magomeni kwanza, nikakata tamaa haraka. Sinza ilipimwa viwanja miaka ya 70, mitaa imenyooka, watu wana hati, na bei inajua hivyo. Manzese watu walijijengea wenyewe, mradi wa serikali wa miaka hiyohiyo ukawaletea barabara na maji katikati ya nyumba zilizokuwepo tayari, ndo maana sehemu nyingi karatasi utakayooneshwa ni leseni ya makazi na siyo hati. Leseni ni ya muda mfupi, inahuishwa, lakini ni karatasi ya serikali na ina namba ya eneo lako. Ukioneshwa barua ya mauziano ya mkono tu bila leseni, uliza maswali mengi.

Madalali walinila hela. Kila ukienda kuoneshwa nyumba ni elfu 10, elfu 20, hata kama nyumba yenyewe ilishauzwa wiki iliyopita. Nyumba ya kwanza niliyoipenda ilikuwa upande wa Tandale, si mbali na Mto Ng'ombe, milioni 28, imepigwa rangi mpya, nikataka kulipa advansi siku ileile. Mume wangu akasema tusubiri masika. Mwezi wa nne tukaenda mvua imetoka kunyesha, nikaomba niingie chumba cha mwisho, kuna kabati kubwa limeegemezwa ukutani. Nikasogeza kidogo. Nyuma yake rangi mpya haikufika, na kulikuwa na mstari wa kahawia umekwenda sawasawa ukuta mzima, usawa wa kiuno changu, chini yake plasta imevimba inadondoka ukigusa kwa kidole. Mtoto wa pale akasema, "Anti, maji yanafikaga hapo." Dalali akamkata jicho. Tukaaga.

Ya pili ndo hii. Vyumba vitano, korido katikati, uani jiko na choo, bati limechoka ila kuta nzima na ipo juu. Walikuwa wanataka milioni 45, tukashushana mpaka 39. Shida ilikuwa nyumba ya urithi. Baba mwenye nyumba alishafariki, leseni bado ina jina lake, kabakia bibi na watoto watano, na kaka mkubwa ndo alikuwa anauza, ana haraka kweli. Nikamuomba fomu ya msimamizi wa mirathi, ile fomu namba nne ya Mahakama ya Mwanzo, akasema "dada tuko familia moja hapa, hamna neno." Hapo ndo naomba mnisikilize, wenzangu. Hamna neno siyo karatasi. Kama hajateuliwa na mahakama hana anachokuuzia, kesho wadogo zake wakija na wewe uko nje na mabegi.

Nikamwambia kaka, nyumba naitaka, hela ipo, nenda kafungueni mirathi ntawasubiri. Walikaa kikao cha ukoo, wakaandika muhtasari, wakafungua shauri, tangazo likabandikwa. Ilichukua zaidi ya miezi minne na katikati walinipigia kuwa kuna mtu ana milioni 43 keshi. Nililia siku hiyo. Lakini yule mwenye milioni 43 naye alitaka karatasi, hakurudi.

Msimamizi alipopatikana kisheria angeweza kusaini peke yake, ila wakili akatushauri warithi wote wasaini kuridhia, na dada yao mmoja yuko Tanga, tukamtumia nauli. Manispaa ya Ubungo nilienda mwenyewe kuulizia ile leseni kama haijawekwa rehani ya mkopo, ikawa safi. Pesa iliingia benki, akaunti ya mirathi, sikubeba begi la noti. Katika pitapita zangu mtu mmoja alinidai asilimia kumi ya bei, eti ndo utaratibu wa mauziano. Asilimia kumi hiyo haipo kisheria, viongozi wa serikali wameikemea hadharani mara nyingi. Nilimwambia anipe risiti ya serikali, mpaka leo hajanitafuta.

Hela: kiwanja cha Chanika na tofali zake kiliuzwa milioni 11, akiba na vikoba 14, mkopo wa SACCOS ya mume wangu 15. Ilibaki kidogo ya wakili na kuhamia.

Kitu ambacho sikukiangalia na nnajuta ni choo. Mwezi wa tatu tangu tuhamie shimo likajaa, nikaita gari la majitaka, dereva akafika barabarani akasimama, kichochoro chetu hata bajaji inapita kwa kujibana. Ili mpira ufike ilibidi upite uani kwa jirani, mama mtu mzima ambaye nilikuwa nimemsalimia mara mbili tu. Nikaenda kupiga hodi, "Shikamoo mama, naomba msaada." Akasema marahaba, akaanua nguo zake kwenye kamba, akasogeza majiko, mpira ukapita katikati ya uwanja wake saa nzima na harufu ile, na akakataa hata hela ya sabuni. Kwa hiyo ukienda kuangalia nyumba kama hizi, tembea kutoka barabarani mpaka chooni ukihesabu hatua, na uliza gari linasimama wapi.

Vyumba viwili nimepangisha, inasaidia rejesho. Kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Asubuhi natoka saa 12 na nusu, nampitisha mwanangu shule kwa miguu, naenda kituoni. Yule bibi wa familia iliyotuuzia nyumba alihamia kwa binti yake Mbagala, akija kuwatembelea mashoga zake huwa anapitia kwangu, anakaa palepale barazani alipozoea, na mimi namletea chai.