Injini ilikuwa wazi, kemshafti zikarudi zilezile

Nilikiona kwenye kitambaa cheupe nilichochujia oili: kipande cha plastiki cha rangi ya chungwa, kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Pikipiki yangu ni Harley-Davidson ya mwaka 2003, injini ya Twin Cam 88, silinda mbili za umbo la V, sisi 1450, na plastiki ya namna ile ndani ya injini hiyo ina pahali pamoja pa kutoka. Injini hizi za kuanzia 1999 hadi 2006 nyingi zina kemshafti mbili, yaani shafti zenye nundu zinazofungua vali, zinazoendeshwa na cheni mbili fupi, na kila cheni inakazwa na kiatu cha plastiki kinachosukumwa na springi. Cheni inakisugua kiatu muda wote injini inapozunguka. Kinakwisha, kama pedi ya breki inavyokwisha. Ila pedi ukiisahau, utasikia chuma kinasaga. Kiatu hiki ukikisahau, mabaki yake yanaingia kwenye oili, yanaelekea kwenye pampu, na huko hakuna kelele ya kukuonya mpaka maji yazidi unga.

Odometa ilisoma kilomita 51,000. Wenye injini hizi huambiana wavikague viatu kwenye 40,000 hivi. Nilikuwa nimechelewa, na nilijua kwamba nimechelewa.

Sasa, kiatu cha ndani hukifikii bila kuzitoa kemshafti. Unavua kifuniko, unachomoa pushrodi nne, yaani fimbo zinazosukuma vali, unaziinua lifta, vile vipande vinavyokaa kati ya nundu na pushrodi, na kuzishikilia juu kwa sumaku, kisha unavuta sahani inayobeba pampu, cheni na vikazio. Kemshafti zinakuja nayo kama samaki kwenye ndoano. Zikishafika mezani, shetani anaanza kunong'ona: si uweke zenye nguvu kabisa? Jasho ni lilelile, gasketi ni zilezile, unaongeza gharama ya kemshafti tu.

Nililala na wazo hilo mwezi mzima. Nilishachagua hata aina.

Kilichoanza kunizindua ni kuandika kwenye karatasi kila kitu ambacho kemshafti hizo zingedai. Pushrodi za kiwandani zina urefu usiobadilika, na kemshafti mpya ikiwa na duara la chini, yaani ile sehemu isiyo na nundu, lililo tofauti, lazima ununue zinazorekebishika. Vali ikiinuliwa zaidi, unatakiwa kuhakikisha springi zake hazibanani koili kwa koili. Kabureta nayo itataka jeti nyingine, vile vitundu vinavyopima mafuta, na jeti hazijichagui zenyewe, unajaribu hii unajaribu ile. Karatasi ilijaa. Ile "unaongeza gharama ya kemshafti tu" ikawa maneno ya muuzaji, na muuzaji mwenyewe nilikuwa mimi.

Halafu kuna suala ambalo watu hulipita haraka wakikimbilia kusoma vali inainuka kiasi gani. Mimi naona lenye uzito zaidi ni wakati vali ya kuingiza inapofunga. Pistoni ikishafika chini na kuanza kupanda, vali hiyo bado iko wazi kidogo. Ikichelewa kufunga na injini inazunguka taratibu, sehemu ya mchanganyiko inarudishwa ilikotoka, na mgandamizo halisi unashuka. Injini ikizunguka kasi, hewa ina msukumo wake na inaendelea kuingia, ndiyo maana kemshafti za kuchelewa kufunga hung'ara kwenye mizunguko ya juu. Injini yangu ina mgandamizo wa karibu 9 kwa 1. Si mkubwa wa kuuchezea. Ningeweka ile niliyoitamani bila kugusa pistoni wala hedi, yaani kichwa cha silinda, ningepata nguvu juu na kuipoteza chini.

Na mimi naishi chini. Kwa wiki tatu nilijichunguza barabarani kama ninayemchunguza mtu mwingine. Gia ya tano, kilomita 100 kwa saa, injini haijafika mizunguko 3,000. Nyuma amekaa mke wangu, mikoba imejaa, mlima unakuja, nafungua mafuta na kuiacha ivute yenyewe. Katika wiki hizo nilifika kwenye mizunguko ya juu mara mbili, na mara moja kati ya hizo ilikuwa kujionyesha tu.

Kulikuwa na njia ya pili iliyonivutia zaidi: kuacha cheni kabisa na kuweka gia za kuzungusha kemshafti. Hakuna cheni, hakuna kiatu, habari imekwisha. Lakini gia hazisamehe kama cheni. Krankishafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ikiyumba, meno yanabanana upande mmoja na kuachia upande mwingine, na kikomo kinachotajwa ni sehemu tatu kati ya elfu za inchi, yaani kama milimita 0.08. Niliazima geji ya mshale, nikaifunga kwa sumaku, ncha yake nikaigusisha kwenye ncha ya krankishafti, nikazungusha injini kwa mkono nikiwa nimezuia pumzi. Mshale ukapanda, ukashuka. Nikarudia mara nne kwa sababu jibu sikulipenda: 0.11. Gia zikaondoka mezani palepale.

Ikabaki njia ya vikazio vya haidroliki, mtindo ulioenea kwenye injini za 2007. Shinikizo la oili ndilo linalokikaza kiatu, cheni ni za roli na hazikisugui sana. Ni mfumo mzuri, sina neno nao. Ila sahani yake haina beringi za nje, kemshafti zinazunguka moja kwa moja ndani ya alumini, kwa hiyo zangu za zamani zisingeingia. Ningelazimika kununua kemshafti hata kama sizihitaji. Nikapiga hesabu: kwa mwaka siendeshi zaidi ya kilomita 6,000. Viatu vipya vya springi vikinipa hata 35,000, hiyo ni karibu miaka sita.

Hata hivyo uamuzi sikuufunga mpaka nilipozishika kemshafti zenyewe. Nilizifuta, nikazipeleka mlangoni penye mwanga, nikapitisha ukucha kwenye nundu zote nne, moja baada ya nyingine. Ukucha haukukwama popote. Hakuna kishimo, hakuna sehemu iliyogeuka bluu. Kiatu cha ndani, kinyume chake, kilikuwa na mifereji miwili mirefu na pembe moja imemeguka. Aliyechoka alijulikana.

Rafiki yangu aliyekuja kunishikia taa hakuamini.

"Kaka, injini iko wazi hivi, halafu unarudisha zilezile?"

"Zilezile."

"Utajuta."

Pesa iliyobaki niliipeleka kwenye beringi. Zile ndogo za ndani nilizitoa zote, nikaweka za aina iliyojaa roli tupu bila keji, kile kitenganishi cha roli, maana kemshafti ikishatoka, kurudisha beringi ya zamani ni uvivu. Pampu niliifungua, nikakuta ungaunga wa plastiki lakini kuta zake hazijachanika. Pushrodi sikuzikata kama wengi wanavyofanya. Nilivua tanki na vifuniko vya juu, nikazichomeka kwenye kadibodi na kuziandika, kwa sababu za eksozi ni ndefu kuliko za kuingiza na usiku wa manane zote hufanana.

Mahali pa kuwa mvumilivu ni kwenye kurudisha. Ukishakaza sehemu za juu, usizungushe injini. Lifta zimejaa oili na zinazishikilia vali wazi, zinahitaji muda wa kushuka. Nilikaa kwenye kigoda, kila baada ya dakika chache nikijaribu kuisokota pushrodi kwa vidole viwili. Ilipokubali kuzunguka kwa wepesi, nikahamia silinda ya pili na kusubiri tena.

Iliwaka kwa jaribio la pili. Sauti ni ileile, mwendo ni uleule, na kwenye mlima mmoja mrefu nikiwa na abiria bado nalazimika kushuka gia moja. Rafiki yangu alipoijaribu alitabasamu tu, hakusema kitu. Chini ya kiti nimebandika karatasi: viatu vipya 51,000, kagua 81,000.