Siku Moja Maishani Mwangu: Mpiga Dramu wa Jazi Mwenye Tabla Begani

Saa 11:15 alfajiri

Siku yangu huanza kwa mdomo kabla ya mikono. Ninaishi katika nyumba ya ghorofa huko Wembley, kaskazini-magharibi mwa London, na jirani yangu wa chini ni muuguzi wa zamu ya usiku ambaye hurejea kulala wakati mimi ninapomaliza kuswali, kwa hiyo kupiga ngoma ya aina yoyote saa hiyo ni kutafuta ugomvi. Huketi kando ya mswala, nikapiga makofi taratibu na kutamka silabi za tabla, zile ngoma mbili za Kihindi zinazopigwa kwa mikono, kwa sauti ya chini: dha dhin dhin dha, dha dhin dhin dha, dha tin tin ta, ta dhin dhin dha. Hiyo ndiyo tintal, mzunguko wa mapigo 16 uliogawanywa katika mafungu manne. Pigo la kwanza huitwa sam, na ndipo wanamuziki wote wanapokutana. Pigo la tisa huitwa khali, yaani tupu, na hapo mkono haupigi kofi bali hupunga hewani.

Silabi hizo huitwa bol, neno lenye asili moja na kitenzi cha Kihindi cha kusema, na kila moja ina makao yake juu ya ngozi. “Na” ni ukingo wa kigoma cha kulia, “ge” ni mvumo wa ngoma ya kushoto, na “dha” ni hizo mbili zikilia pamoja. Baada ya kuzitamka kwa mwendo wa kawaida, hurudia mara mbili kwa kila pigo, kisha mara tatu, kisha mara nne, bila makofi kubadili mwendo. Hapo ndipo ninapolifikia jambo linalonishughulisha kila alfajiri, kwa kuwa mwendo wa kubembea wa jazi haukai kwenye mbili wala kwenye tatu. Wimbo ukiwa wa polepole mbembeo huo husogea karibu na tatu, na kadiri wimbo unavyoharakishwa ndivyo unavyonyooka kuelekea mbili. Tabla imenipa majina ya migawanyo yote niliyohitaji isipokuwa huo mmoja tu ninaoutumia kila usiku kujipatia riziki.

Wapo wanaodhani kwamba kuchanganya jazi na muziki wa Kihindi ni kumketisha mpiga tabla kando ya mpiga saksofoni na kufukiza ubani. Mimi naona mchanganyiko wenyewe ni wa hesabu, na mtu anaweza kuufanya bila ala yoyote ya Kihindi kuwapo jukwaani.

Saa 2:00 asubuhi

Jirani akishalala usingizi mzito, hutoa tabla kwenye mfuko na kuitazama hali yake. Ngozi yake ni ya mbuzi, na doa jeusi la katikati ni kinyunga cha unga na vumbi la chuma kilichopakwa tabaka baada ya tabaka, na ndicho kinachoifanya ngoma hii itoe sauti iliyo wazi kama ya chombo cha nyuzi. Novemba ni mwezi wa mateso kwayo: nje kuna unyevu unaolegeza ngozi, ndani kuna joto la mabomba linaloikaza. Hugonga kwa nyundo ndogo vile vipande vinane vya mti vilivyobanwa chini ya kanda, nikamalizia kwenye msuko wa ukingoni, hadi kigoma cha kulia kikae kwenye sauti nitakayoihitaji jioni.

Sauti hiyo ni moja tu, na hapo jazi hunikwaza. Katika muziki wa Kihindi sauti ya msingi haihami tangu mwanzo hadi mwisho wa raga, yaani mahadhi ya Kihindi yenye kanuni zake, lakini wimbo wa jazi unaweza kuhama ufunguo mara tatu kabla ya ubeti kwisha, na tabla iliyokuwa ikikubaliana na piano ghafla huanza kubishana nayo. Kwa sababu hiyo, nyimbo nyingi za kundi letu ninazipiga kwa dramu, nikizihamishia zile silabi. “Na” huenda kwenye ukingo wa snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkavu, “tin” kwenye kitovu cha toazi kubwa, na “ge” hugawanywa kati ya ngoma ya sakafuni na mguu wa kulia. Mpiga dramu Dan Weiss wa New York, ambaye amejifunza tabla kwa miaka mingi kwa Samir Chatterjee, alitoa mwaka 2005 rekodi ya tintal nzima kwa dramu, na niliposikia kazi hiyo mara ya kwanza nilifurahi na kuona wivu kwa kiasi kilicho sawa.

Saa 4:00 asubuhi

Ninafundisha dramu katika shule moja ya sekondari, wanafunzi sita kwa zamu ya dakika ishirini ishirini. Leo wa tatu ni kijana wa Kigujarati ambaye bibi yake alizaliwa Kisumu. Aliniuliza kama ni kweli kwamba “kisu”, “sufuria” na “fagio” ni maneno yangu, maana nyumbani kwao yamekuwa yakitumika siku zote na yeye alidhani ni Kigujarati safi. Nilimwambia ni maneno yetu sote, kisha nikamrejesha kwenye mguu wake wa kushoto, ambao bado haujui kazi yake.

Saa 7:00 mchana

Nilikula muhogo wa kukaanga kwenye barabara ya Ealing Road. Hapa wanauita mogo, na umeletwa na jamaa waliohama kutoka Afrika Mashariki. Ulikuwa na pilipili ya kutosha.

Saa 8:00 mchana

Alhamisi ni siku ya Ustadh, mwalimu wangu wa tabla. Anaishi Alperton, ana umri wa miaka 74, na ninamwita Ustadh bila kujilazimisha, kwa sababu neno hilo nililikuta Mombasa kabla ya kulikuta kwake. Nilizaliwa Kibokoni, katika Mji wa Kale, ambako mjomba wangu alipiga tabla kwenye taarab za arusi, na kaseti za Juma Bhalo, aliyeimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, zilikuwa zikizunguka mtaani usiku kucha. Mjomba alinifundisha pigo moja la kufuatia nyimbo hizo, naye hakuwa na jina la kuliita. Nilipolipiga mbele ya Ustadh siku ya kwanza, alicheka na kusema kwamba hilo ni keherwa, mzunguko wa mapigo manane, na kwamba nimelishika vizuri ila mkono wa kushoto umejaa chumvi ya bahari. Mpaka leo sijajua kama alikuwa ananisifu.

Leo tulishughulika na tihai peke yake. Tihai ni kifungu kinachorudiwa mara tatu ili pigo lake la mwisho liangukie sam, na uzuri wake wote uko katika mahesabu. Ukianza juu ya sam ya tintal, una mapigo 16 pamoja na lile la kutua, yaani 17. Vifungu vitatu vya mapigo matano ni 15, na pumziko la pigo moja likiwekwa mara mbili katikati yao, jumla inatimia. Ustadh alinitaka niitamke, kisha niipige, kisha niitamke huku yeye akinisimulia habari za goti lake linalomuuma, ili aone kama hesabu itabaki. Ilibaki mara mbili kati ya tano. Tangu mpiga tabla mashuhuri Zakir Hussain afariki Desemba 2024, Ustadh amekuwa akinipigisha zaidi mtindo wa Punjab, aliourithi Zakir kwa baba yake, Alla Rakha, na hajanieleza sababu wala mimi sijamuuliza.

Saa 11:00 jioni

Nilipanda treni hadi Willesden Junction, kisha nyingine hadi Dalston Kingsland, nikiwa na tabla begani, snea mkononi na mfuko wa matoazi mgongoni. Ukumbi tunaopiga una dramu zake, lakini matoazi ya watu wengine ni kama viatu vya watu wengine.

Tuko wanne: saksofoni, piano, besi na mimi. Kazi yetu si mpya katika mji huu. Mwaka 1966 Joe Harriott, mpiga saksofoni mzaliwa wa Jamaika, na John Mayer, mtunzi mzaliwa wa Kolkata, walikuwa tayari wanawaketisha wanajazi na wanamuziki wa Kihindi katika chumba kimoja hapa London. Tunachojaribu sisi ni kuona kama mizunguko hiyo inaweza kukaa ndani ya maumbo ya jazi yenyewe bila mtu kulazimika kuhama.

Chukua bluzi ya kawaida. Ina baa, yaani mafungu ya muziki, 12 za mapigo manne, ambayo ni mapigo 48, na 48 ni tintal tatu kamili. Kila mstari wa bluzi, yaani baa nne, ni mzunguko mmoja, na ile tihai ya Ustadh inaingia barabara katika mstari wa mwisho na kutua kwenye mwanzo wa ubeti mpya. Nilipoligundua jambo hilo miaka kadhaa iliyopita nilikaa macho hadi asubuhi.

Shida ni khali. Katika tintal, kuanzia pigo la 10 hadi la 13, ngoma ya kushoto hunyamaza, na mvumo hurudi kwenye la 14. Ndivyo msikilizaji anavyojua yuko wapi. Nikiifuata kanuni hiyo kwenye dramu, mguu wangu huachia sakafu katikati ya kila mstari. Mpiga piano wetu alisimamisha mazoezi na kusema kwamba kila inapofika baa ya tatu anahisi nimepotea. Nilimwambia hapo ndipo ninapojua nilipo kuliko mahali pengine popote. Tulibishana kwa dakika kumi, na mpiga besi, ambaye ni mtu wa maneno machache, akaamua kwamba yeye ataendelea kutembea chini, noti moja kwa kila pigo, wakati mguu wangu umenyamaza, ili wenzake wawe na pa kukanyaga. Tulijaribu, na baada ya beti nne mpiga piano akaacha kunitazama, jambo ambalo kwake ni ridhaa.

Bluzi ya mapigo kumi tuliiahirisha. Jhaptal, ule mzunguko wa mapigo kumi, na baa 12 hukutana baada ya beti tano, mapigo 240, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuhesabu hadi huko kabla ya chakula.

Saa 2:30 usiku

Ukumbi ulikuwa na watu kama sitini. Mstari wa mbele alikaa mzee wa Kihindi aliyevaa koti zito, na tangu wimbo wa kwanza alikuwa akiihesabu tal, yaani mzunguko wa mapigo, kwenye goti lake, akipiga kiganja kwenye sam na kukigeuza juu kwenye khali. Mpiga dramu akiona mkono wa namna hiyo, hana pa kujificha.

Katika wimbo wa tatu, saksofoni iliingia kwenye tihai ikiwa imechelewa pigo moja. Mimi nilitua kwenye sam, yeye akatua baada yangu, na watu wakashangilia kwa nguvu wakidhani tumefanya makusudi. Mkono wa mzee ulibaki umeinuliwa hewani, haukushuka mpaka mzunguko uliofuata.

Bluzi ilikwenda vizuri zaidi kuliko mazoezini. Mguu uliponyamaza, besi ilitembea, na mara moja, katika ubeti wa saba au wa nane, nilihisi ukumbi mzima umeinama kidogo kuelekea kwenye ule utupu. Wimbo wa mwisho niliuanzisha kwa kuwaeleza watu habari za Masidi wa Gujarat, wenye asili ya Afrika, ambao mpiga dramu Sarathy Korwar aliwarekodi kwa albamu yake ya mwaka 2016. Miongoni mwao ngoma bado inaitwa goma.

Saa 7:15 usiku

Nilifika nyumbani, nikalegeza kanda za tabla, nikamtumia mjomba rekodi ya ile bluzi kwa simu. Mombasa ilikuwa saa 10 na robo, na yeye huamka mapema. Alijibu kabla sijavua viatu: “Mashallah, mwanangu. Huyo anayekupigia tabla ni nani?”

Nilimwandikia kwamba katika wimbo huo hapakuwa na tabla, ni dramu tupu. Hakuniamini, akanitaka nimpe salamu zake.