Nilivyotibu usukani wa nyuma bila kuung'oa

Gari langu ni la michezo, la miaka ya 90, na magurudumu yake ya nyuma hukata kona pamoja na ya mbele. Lilikuwa na maradhi mawili: mkia kuyumba kwenye mwendo kasi, na taa ya onyo ya mfumo huo wa usukani wa nyuma kuwaka nikikata kona. Wengi hapo huung'oa mfumo mzima na kufunga chuma cha kuzuia magurudumu ya nyuma yasigeuke. Mimi naupenda mno, siwezi kuufanyia hivyo.

Nilianza na mkia. Gari likiwa juu ya stendi, mwenzangu alilitikisa tairi la nyuma kushoto na kulia, nami nimeweka kidole kwenye boljointi (kiungo cha duara kinachojipinda) ya rodi ya usukani wa nyuma. Niliisikia ikigonga. Mpira wake ulikuwa umepasuka na grisi imekauka, imebaki tope jeusi. Nikabadilisha za pande zote mbili.

Taa ikabaki. Kompyuta ya mfumo husoma pembe ya usukani na mwendo wa gari. Taarifa ikikatika, huzima mfumo, na springi hurudisha magurudumu katikati. Nikafungua chini ya usukani, nikaweka mita kwenye waya za sensa ya pembe huku nikizungusha taratibu. Ishara ilipotea kila waya zilipovutika. Pini za plagi zilikuwa na kutu ya kijani! Nikazisafisha, nikazibana, taa ikazimika.

Kisha nikapeleka gari likapimwe alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu yote manne, ya nyuma yakiwa yamewekwa katikati kwanza. Sasa mkia umetulia.